Bethdei ya Wapishi Wadogo: Mwongozo wa Sherehe ya Watoto Wanaopika Nyumbani, kwa Hali ya Dodoma

Maswali huwa ni yale yale. Watoto wangapi? Wapike nini? Sina oveni, nifanyeje? Je, wakiungua? Mwongozo huu unayajibu kwa watoto 10 wa miaka 5 hadi 10, ndani ya nyumba ya kawaida yenye ua, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana. Ukiwa na watoto 6, punguza vipimo karibu nusu. Ukiwa na 20, tunakushauri usifanye sherehe ya namna hii kabisa. Wakodishie maturubai na mziki, watafurahi vilevile na wewe utabaki na akili zako.

Jambo moja lieleweke kabla ya mengine. Mtoto akija kupika anataka mikono yake iguse kitu, kisha akile kitu hicho hicho. Moto haumhusu, na kisu kikali hakimhusu. Kwa hiyo kazi zote ndefu zisizo na raha, kama kukanda, kuumua, kuoka keki na kumenya nanasi, unazimaliza wewe kabla hawajafika. Wao wanabakiziwa kusukuma, kukata, kuchoma matunda kwenye vijiti na kupamba. Sherehe nyingi za aina hii huharibikia kwenye kusubiri: watoto wamekaa dakika 40 wanatazama mafuta yapate moto, na mtoto asiye na kazi jikoni atajitafutia kazi.

Wapike nini

Vitu vitatu vinatosha: maandazi, mishikaki ya matunda na keki ndogo za kupamba. Usiongeze cha nne. Chapati zinavutia, lakini kila moja inahitaji kikaango chake na dakika zake, watoto 10 watakuwa kwenye foleni mpaka adhuhuri. Piza nayo ni nzuri kama una oveni na una uhakika na umeme.

Wala usitegemee kazi ya watoto iwe chakula cha mchana. Pika pilau au wali asubuhi na mapema, uweke kwenye hotpoti. Maandazi yakiungua yote, bado watu watakula.

Vitu vya kuwa navyo

Kwa maandazi (yanatoka 40 na ziada kidogo):
- unga wa ngano kilo 1, na nusu kilo nyingine ya kunyunyizia kwenye meza
- sukari gramu 150
- hamira pakiti moja ya gramu 11, na nyingine ya akiba
- siagi au mafuta vijiko 4 vya chakula
- iliki iliyosagwa kijiko 1 cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai
- tui la nazi au maziwa, mililita 500 hadi 530
- mafuta ya alizeti lita 2 za kukaangia

Kwa keki ndogo (20 hadi 24): siagi gramu 250, sukari gramu 250, mayai 5, unga gramu 250, baking powder kijiko cha chai kimoja na nusu. Kwa urembo: siagi gramu 250 nyingine, sukari laini ya kupambia keki gramu 500, rangi ya chakula aina mbili au tatu, na vikombe vya karatasi.

Kwa mishikaki 20 ya matunda: tikiti maji la kilo 3 au 4, papai 1, nanasi 1, ndizi 6, zabibu kilo 1, na pakiti ya vijiti vya mishikaki. Soko la Majengo au Soko la Job Ndugai kule Nzuguni utapata vyote safari moja. Zabibu za Dodoma huvunwa karibu Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Nje ya hapo weka embe au kitu kingine kilicho kwenye msimu.

Kwa kinywaji: unga wa ubuyu gramu 250 kwa lita 3 za maji yaliyochemshwa na kupozwa, sukari kwa kuonja, kisha chuja. Mambo ya ubuyu yameisha hapo.

Vyombo: vibao vya chapati vitatu au vinne (fito za kusukumia zikipungua, chupa za soda za kioo zilizooshwa na kukaushwa zinasukuma vizuri sana), visu vya kupakia siagi visivyokata, masinia mawili makubwa, sufuria refu lenye kuta nene na mfuniko wake, kijiko kirefu chenye matundu, bakuli ndogo, na karatasi za kuokea.

Maji: ndoo tatu za lita 20 zilizojaa tangu jana yake. Moja ni ndoo yenye koki ya kunawia mikono, moja ya vyombo, na moja haiguswi, ni ya mtu akiungua. Usiseme bomba litakuwa linatoka. Mgao wa maji hauna habari kwamba leo ni bethdei.

Watu wazima: mmoja kwa kila watoto wanne au watano, na juu yao mmoja wa moto peke yake. Kwa watoto 10 unahitaji watu wanne. Yule wa moto hapigi picha, hapokei wageni, hashiki simu. Kama mama mwenye nyumba ndiye anayepokea wageni, basi moto ashike shangazi au dada mkubwa aliyezoea kukaanga.

Aproni na kofia: mita 3 za kitambaa cha kitenge chenye upana wa sentimita 115 zinatoa aproni 10. Kata vipande viwili viwili vya sentimita 50 kwa 60 kushuka chini. Utabaki na ukanda wa sentimita 15 pembeni wenye urefu wa mita 3. Uchane uwe kanda tano za sentimita 3, upate kamba za shingo na kiuno kwa wote: mita moja na nusu kwa kila aproni, bila cha kubaki, kwa hiyo mkasi usiende ovyo. Kofia ni ukanda wa manila wa sentimita 12 kwa 60, ufungwe kwa gundi kufuata kichwa cha mtoto, ukibandika karatasi nyeupe ya kukunjamana kwa juu. Andika jina mbele. Jina hilo litawasaidia zaidi wale watu wazima ambao hawawajui watoto wote.

Wiki moja kabla

Waulize wazazi kwa simu, mmoja mmoja, si kwa ujumbe wa jumla kwenye kundi: kuna mtoto anayedhurika na karanga, maziwa au mayai? Mwenye pumu? Ujumbe wa kundi watu hujibu "Hongera sana" na kuliacha swali. Kama yupo anayedhurika na karanga, zisiingie nyumbani siku hiyo hata kama urembo wa kupambia. Kama ni maziwa, kandia tui na mafuta badala ya maziwa na siagi kwa watoto wote. Usimtengenezee mmoja unga wa peke yake, atajiona ametengwa.

Uliza pia kama atakuja na wadogo zake. Watakuja. Kadi ikisema watoto 10, hesabu 13.

Jana yake

Oka keki ndogo. Piga siagi na sukari mpaka viwe vyeupe, ongeza yai moja moja, kisha unga uliochekechwa pamoja na baking powder. Jaza vikombe theluthi mbili tu. Oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 18 hadi 20. Vipimo vingi vya vitabuni vinakuambia vijiko viwili vya baking powder. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku keki huumuka kwa haraka kisha ikazama katikati. Kijiko kimoja na nusu kinatosha.

Huna oveni? Sufuria kubwa lenye mchanga mkavu chini, keki ndani kwenye bati, mfuniko, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Au agiza kwa mwokaji wa mtaani keki tupu zisizopambwa. Hakuna aibu, kwani watoto wanakuja kupamba.

Zikipoa kabisa ziweke kwenye deli lenye mfuniko. Hewa ya Dodoma ni kavu, hasa kuanzia Juni hadi Novemba. Keki iliyolala wazi usiku mmoja asubuhi ni kama mkate mkavu.

Panga mahali pia. Meza za watoto ziwe kivulini, upande ambao nyumba inakinga upepo. Chagua asubuhi, maana mchana upepo huanza kubeba vumbi, na unga uliotandazwa mezani hauwezi kupambana na upepo wa Dodoma. Chini tandika mkeka au jamvi. Meza ndefu ya watu wazima ikiwa juu sana kwa watoto wa miaka 5, washushe kwenye mkeka na masinia. Wanafanya kazi vizuri zaidi wakiwa wamekaa.

Siku yenyewe

1. Saa 3 kasoro robo asubuhi, kanda unga. Changanya unga, sukari, hamira, iliki na chumvi. Fikicha siagi ndani mpaka isionekane. Mimina tui la uvuguvugu kidogo kidogo. Uvuguvugu maana yake kidole chako kikae ndani bila kusikia joto kali. Tui la moto linaua hamira na hutajua mpaka baada ya saa nzima. Anza na mililita 500. Unga uliokaa kwenye hewa yetu kavu hunywa zaidi, ndiyo maana tumekuachia 30 za akiba. Kanda dakika 10 mpaka uwe laini na uache kushika beseni.

2. Funika kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, si kikavu. Kikavu kinaacha unga unaota ngozi juu, na ngozi hiyo ikichanganywa hutoa mabonge. Acha saa moja hadi moja na nusu, mpaka uwe mara mbili. Juni na Julai asubuhi ni baridi: weka beseni ndani ya beseni kubwa lenye maji ya uvuguvugu, au anza kukanda nusu saa mapema. Oktoba na Novemba kinyume chake, dakika 45 zinaweza kutosha, kwa hiyo utazame unga, usitazame saa.

3. Saa 4, pokea watoto kwa kofia. Kila anayefika anapewa kofia yake na kalamu za rangi aipambe. Kazi hii ni ya kuwasubiri wanaochelewa, na watachelewa. Usianze na unga kabla ya saa 4 na nusu, wala usisubiri zaidi ya hapo.

4. Chora mstari wa moto. Jiko liwe angalau mita 2 kutoka meza ya watoto, upande wa ukutani usio na upepo na usio na njia. Chora mstari ardhini kwa chokaa au utandaze kamba. Waonyeshe. Waambie sheria tatu tu: mstari hauvukwi, unga mbichi hauliwi, na tukisema "Mikono juu!" kila mtu anaacha alichoshika. Fanyeni mazoezi ya hiyo ya tatu mara mbili, wanaipenda, na ndiyo itakayokuokoa.

5. Nawisheni mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kucha pia. Fungeni aproni. Nywele ndefu za rasta zifungwe nyuma.

6. Gawa unga. Uponde hewa itoke, kisha kata madonge 10 ya gramu 150, kama ngumi ya mtu mzima. Utabakiwa na gramu 200 na kitu. Hilo ni donge la akiba, kwa mdogo wa mtu na kwa unga utakaoanguka mavumbini. Utaanguka.

7. Watoto wasukume. Kila mmoja anasukuma donge lake liwe duara la upana wa kisahani cha chai, unene wa sentimita moja. Hapa ndipo watoto wanapokosea: wanapenda kusukuma mpaka liwe jembamba kama chapati, kwa sababu kusukuma kunapendeza. Lililo jembamba halifutuki, linakuwa biskuti. Weka penseli mbili pande mbili za kibao, fimbo ipite juu yake. Penseli ya kawaida ina unene wa karibu milimita 7, na unga utafutuka zaidi ukipumzika. Kwa watoto wa miaka 5 mbinu hii inaondoa ugomvi wote.

8. Wakate msalaba kwa kisu cha siagi, wapate vipande vinne kila mmoja. Maumbo ya nyota na moyo kwa vifuniko na glasi yanawezekana, lakini mabaki yake yakikandwa upya huwa magumu. Ruhusu umbo moja kwa mtoto, mengine yawe pembe.

9. Panga vipande kwenye karatasi yenye jina. Kila mtoto na karatasi yake, kwa mstari, juu ya sinia, na kitambaa kibichi juu yake. Acha dakika 20 hadi 25. Hatua hii watu huiruka kwa sababu watoto wana haraka. Ukiiruka, maandazi yatakuwa mazito na yatanyonya mafuta.

10. Wakati huo, matunda. Tikiti, papai na nanasi viwe vimeshakatwa vipande vya sentimita 2 au 3. Wenye miaka 7 na kuendelea wanaweza kukata ndizi na papai laini kwa kisu cha siagi. Zabibu zioshwe mara mbili katika maji tofauti, maana mizabibu hupuliziwa dawa. Kwa mtoto yeyote wa chini ya miaka 5 zabibu ikatwe kwa urefu vipande vinne. Zabibu nzima inaweza kuziba koo lake. Mshikaki ukishajaa, mtu mzima anakata ncha kali ya kijiti kwa mkasi kabla mtoto hajatembea nao.

11. Washa mafuta watoto wakianza matunda, si kabla. Mafuta yasizidi nusu ya sufuria. Yajaribu kwa kipande cha unga cha ukubwa wa punje ya hindi: kikizama kisha kikapanda polepole na mapovu pembeni, tayari. Kikigeuka kahawia papo hapo, ni moto mno, punguza na usubiri.

12. Kaanga kwa kufuata mstari wa majina. Karatasi mbili kwa mkupuo, yaani vipande vinane, dakika 3 hadi 4, ukigeuza mara moja. Vikitoka vinaingia kwenye sahani zenye majina yale yale, kwa mpangilio ule ule. Usichanganye. Mtoto analijua andazi lake hata kama limekunjamana, na akipewa la mwenzake sherehe imekwisha. Mikupuo mitano, dakika 20 na kitu, umemaliza.

13. Keki ndogo mwisho. Siagi na sukari laini vipigwe asubuhi na kugawanywa katika bakuli za rangi. Kila mtoto keki mbili na kijiko kimoja. Matone 3 ya rangi kwa bakuli yanatosha. Ukiongeza utaikuta kwenye nguo za kanisani.

14. Saa 6 na robo, kuleni. Kwanza pilau, halafu alichopika kila mmoja. Maandazi ya mwisho kutoka yapoe dakika 10, ndani yanakaa na moto muda mrefu kuliko nje.

15. Keki kubwa, wimbo, kulishana. Sufuria la mafuta liwe limeshapoa, likaondolewa na kufungiwa ndani kabla hamjawasha mshumaa. Na kama kwenu mnamwagia maji mwenye bethdei, iwe baada ya kula, nje ya ua wa jiko, na maji tu. Kurushiana unga karibu na jiko linalowaka ni hatari: unga uliotapakaa hewani unashika moto.

Makosa yanayoumiza

Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lililofungwa juu yake haufai kukaangia mbele ya watoto. Ni mrefu, sehemu ya juu ni nzito, na sufuria la lita 2 za mafuta juu yake linasubiri kiwiko cha mtu. Tumia jiko la mezani lililokaa imara, au jiko la mkaa lililo chini na kubanwa kwa matofali. Mkaa usiwashwe ndani ya chumba hata upepo uwe mkali vipi, gesi yake ya sumu haina harufu.

Anayekaanga asijitande khanga. Avae kitu kinachobana mikononi.

Mpini wa kikaango usielekee upande wa watoto. Sufuria la mafuta lisihamishwe likiwa la moto, hata kwa hatua tatu.

Unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu, na mayai mabichi vilevile. Watoto watalamba, kazi yako ni kuwapa kitu kingine cha kulamba. Bakuli la ziada la matunda mezani linasaidia kuliko makaripio.

Ikitokea shida

Unga haujaumuka baada ya saa moja. Kama ni baridi, ongeza muda na joto la beseni. Kama kuna joto na bado umekaa kama ulivyo, hamira imekufa. Yeyusha pakiti mpya kwenye vijiko 3 vya maji ya uvuguvugu na kijiko cha sukari, ikitoa povu ikandie ndani na unga kidogo. Ndiyo maana unanunua pakiti mbili. Watoto wakishafika, waanze na matunda.

Unga unanata mikononi mwao. Usimwage unga mkavu mwingi, utaungua kwenye mafuta na kuyafanya meusi. Wape mafuta kidogo viganjani.

Unga unapasuka pembeni ukisukumwa. Umekauka. Lowesha mikono, ukande dakika mbili, ufunike dakika 10.

Andazi jeusi nje, bichi ndani. Mafuta yalikuwa ya moto mno. Punguza moto, subiri, na yaliyokwisha haribika yakate katikati uyapitishe tena kwenye mafuta yaliyopoa kidogo. Andazi lililojaa mafuta ni kinyume chake: mafuta hayakuwa na moto wa kutosha au ulitumbukiza mengi kwa pamoja.

Urembo wa keki unateleza. Joto la Oktoba hilo. Weka bakuli la siagi ndani ya bakuli la maji baridi, koroga, ongeza vijiko viwili vya sukari laini. Ukikataa kabisa, upake juu ya keki kwa kijiko na uachane na maua.

Umeme umekatika. Kwa mpango huu hakuna kilichoharibika isipokuwa mziki.

Upepo umeanza. "Mikono juu!", funika masinia, ingizeni meza sebuleni. Jiko linabaki nje, na mtu wake anabaki nalo.

Mtoto hataki kushika unga. Wapo wasiopenda mikono kunata. Mpe kazi ya kupanga karatasi za majina, au kuwa msimamizi wa saa. Usimlazimishe mbele ya wenzake.

Mtoto ameungua. Maji ya kawaida yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, ndiyo ile ndoo isiyoguswa. Mtu amimine kwa kikombe bila kukatiza. Vua pete au bangili. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Vinafungia joto ndani na vinampa kazi daktari. Lengelenge lisipasuliwe. Jeraha kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au la usoni, mkononi au kwenye kiungo, mpeleke hospitali likiwa limefunikwa kwa kitambaa safi.

Mafuta yameshika moto. Zima gesi kama unaifikia, funika sufuria kwa mfuniko wake, usiufunue mpaka lipoe. Maji kamwe: yanalipuka na kurusha mafuta yanayowaka. Watoto watoke nje ya geti na mtu mmoja. Zimamoto ni 114.

Wakishaondoka

Kila mtoto aende na maandazi yake yaliyobaki kwenye mfuko wa karatasi ya kaki wenye jina lake. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Kofia na aproni ndiyo zawadi yao, huna haja ya kununua vingine.

Mafuta yakipoa kabisa, yachuje kwa kitambaa na uyaweke kwenye chupa. Yanafaa kukaangia mara moja nyingine ndani ya siku chache kama hayajawa meusi. Usiyamwage kwenye karo. Na meza zenye unga zifagie kavu kwanza kwa brashi au kadibodi, kisha ndipo maji. Ukianza na kitambaa kibichi unatengeneza gundi, na kwa maji ya mgao utasugua mpaka jioni.